Bunduki Iliyopimwa Juu ya Koti

Sogea upande huu wa dirisha, wewe unayenisoma, unisikilize kama unavyomsikiliza bibi akichambua mchele. Sauti yangu siku hizi haifiki mbali, na haya ninayotaka kukueleza hayataki kelele. Nitakueleza jinsi bunduki kubwa inavyotengenezwa mpaka imkae mtu, ile bunduki ya kuwindia ndovu na mbogo. Usiseme jambo hilo halikuhusu kwa kuwa huna bunduki wala huihitaji. Mimi mwenyewe sijapata kufyatua hata moja. Lakini nilikaa mwaka mzima juu ya karakana ya bunduki, kwanza mke mpya, kisha mjane, na niliyojifunza mwaka ule nimeyatumia jikoni, kwenye cherehani, na katika kulea watoto. Nitakwenda polepole. Pasipokuelea, rudi nyuma usome tena. Hakuna anayekukimbiza.

Aliyenifungua mdomo ni Kazungu. Mwezi jana alikuja kunitazama hapa Kuze, mzee kunishinda, ameshikwa mkono na binti yake. Kazungu ni Mgiriama, na ndiye aliyekuwa akifuata nyayo za wanyama pamoja na mume wangu Athmani. Hatukuwa tumeonana tangu ujana wetu. Alikaa ndani ya daka la mlango, akakataa kiti, akasema magoti yake yamezoea chini. Nilimpa chai ya tangawizi na mahamri, akamumunya bila meno, akanitazama kwa macho yaliyoingia ukungu. "Mama," akaniambia, "bado wanikasirikia?" Nikamuuliza, "Nikukasirikie kwa lipi, Kazungu?" Akasema, "Kwa kuwa mimi ndiye niliyerudi." Basi tulilia kidogo, wazee wawili, na binti yake akajifanya anatazama paka kichochoroni. Alipoondoka niliona nikiendelea kunyamaza nitakwenda nayo kaburini, na si haki kitu chenye manufaa kizikwe na mtu mmoja.

Ulikuwa mwaka wa baada ya ile vita kubwa ya pili. Mchele ulikuwa adimu, tukila unga wa mahindi ya manjano ambao mamangu aliukaanga, akautia nazi, akaukanda na sukari ya kuiba machoni pa Baba, lakini unga ukabaki ule ule. Nyumba yetu ilikuwa na mlango mmoja wa kuingilia watu na mwingine wa kuingilia kazi. Wa kazi ulitazama kichochoro, na ndani yake Baba alikuwa na meza ya kuchongea, jiliwa la kubania mitutu, tupa, patasi, na chupa ya mafuta ya kitani ambayo harufu yake ilipanda mpaka vyumbani na kulala nasi. Watu wakimwita Fundi Bakari. Bunduki za Wazungu, za Wahindi na za serikali zilipita mikononi mwake, naye alikuwa akizishika zote namna moja, kama mtu anayebeba mtoto mchanga aliyelala. Mimi na Athmani, kwa desturi yetu, tulipewa chumba cha juu nyumbani kwetu mimi, kwani mume mpya huja kwa wakweze. Sakafu ya chumba hicho ilikuwa ya boriti na chokaa, na pembeni palikuwa na tundu lililoachwa na boriti iliyooza. Nilipenda kukaa hapo nikishona mikanda ya ngozi ya kutilia risasi, maana kila neno la karakana lilipanda kwa tundu lile kama mvuke wa birika.

Athmani alikuwa amerudi kutoka vitani Burma, mwembamba, mpole, hodari wa kulenga. Akapata kazi kwa mwenye shamba moja la mkonge huko bara ya Kilifi, kuwalinda wakulima na vibarua, kwani ndovu na mbogo walikuwa wakiingia mashambani na watu walikuwa wakiuawa. Yule bwana alimpa bunduki kuukuu, nzito, yenye tundu la mtutu ambalo kidole changu cha shahada kiliingia. Ilikuwa imetengenezewa Mzungu mrefu ambaye alikwisha rudi kwao. Athmani akaileta kwa Baba. Na hapa nataka uelewe tangu mapema: bunduki ile ndiyo ingesimama kati ya mume wangu na mbogo. Hakuna aliyeichukulia kuwa mchezo, si Baba, si Athmani, si mimi juu ya tundu langu.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, kama Baba alivyopenda kuieleza. Alikuwa akisema kwa sauti kila anachofanya, hata akiwa peke yake, na ndiyo maana mimi mshona mikanda naijua. Kwanza alihakikisha haina risasi, akatazama ndani, akaingiza kidole, akatazama tena. Kisha akakitoa chuma kwenye mti, akautazama mti ule palipokaa chuma, kwani bunduki kubwa inapolia chuma hurudi nyuma kwa nguvu na mti hupasuka kama kuni. Aliona ufa mwembamba kama unywele. Akatoboa mti ubavu kwa ubavu, akapitisha msumari wa chuma wenye skrubu, akaufunga, akasema, "Sasa pasuka nikuone." Halafu akaigeukia shabaha, yaani vile vipande viwili vya kulengea juu ya mtutu. Ile ya nyuma ilikuwa na majani mengi ya chuma ya kukunja, ya kulengea mbali na karibu. Akayang'oa yote, akaacha moja, pana, lenye mdomo wazi kama bakuli. "Mbogo hatakungojea uchague," akasema. Ya mbele akaiwekea kishanga cha pembe ya ndovu, cheupe, kionekane kwenye kivuli cha vichaka. Kisha akazijaribu risasi. Hakuiamini hata moja kwa sababu ya kutoka kiwandani. Kila risasi aliipitisha kwa komeo la bunduki, kile chuma cha kuvuta na kusukuma, ikaingia, ikatoka, na zile zilizokwama kidogo akazitupa kwenye kopo. "Iliyokwama karakanani," alisema, "huko msituni itakwama mara mbili."

Likabaki jambo la mwisho, ambalo kwa Baba lilikuwa la kwanza: urefu wa kitako, yaani ule mti unaokaa begani. Chukua mpini wa ufagio, uuweke begani, uukaze vizuri. Mwambie mtu aisukume ncha ya pili kwa nguvu. Utayumba tu. Sasa achia nafasi ndogo kati ya mpini na bega, umwambie asukume vile vile. Umeona? Mara hii umepigwa. Baba alikuwa na msemo wake: bunduki inayokukaa hukusukuma, isiyokukaa hukupiga. Kitako kikiwa kirefu hunasa kwapani unapokiinua kwa haraka. Kikiwa kifupi hakikazi begani, na bunduki ikilia hupata nafasi ya kukimbia kabla ya kukufikia, na kidole gumba chako mwenyewe hukupiga puani. Uchungu wenyewe si kitu. Kibaya ni kile unachoufundisha mwili. Mwili ukipigwa mara kadhaa hujifunza kujikunyata kabla ya mlio, jicho likajifumba bila wewe kuliamuru, na risasi ikaenda isikojulikana.

Athmani aliitwa chini kupimwa alasiri moja. Alivaa kanzu, kofia, na koti lake la harusi, la sufu nzito, lililotiwa pamba mabegani kama walivyopenda mafundi wa wakati ule. Alitokwa na jasho kabla hajamaliza ngazi. Wewe kijana wa leo utacheka, lakini mkwe kwetu hakuwa mtu wa kukaa naye kwa shati. Athmani alikuwa hamvukii babangu kizingiti bila koti, hali mbele yake akashiba, hasemi "sitaki" kwa chochote anachopewa. Wala Baba naye hangemwambia "vua". Kumwambia mkwe avue koti ilikuwa ni kama kumwambia nimekuona mtoto mdogo. Nilisikia yote.

"Masalkheri, baba."

"Masalkheri, mwanangu. Wajionaje?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Na nyinyi?"

"Twashukuru. Ndoo usimame hapa penye mwanga."

Mzee Khamisi, muuza kahawa aliyekuwa rafiki wa Baba na mkaaji wa kudumu wa kizingiti chetu, alikuwa ameweka buli lake mlangoni. Nikamsikia akigongagonga vikombe. "Fundi, hiyo si bunduki, ni boriti imetobolewa. Mkweo akiifyatua, yeye ataangukia Likoni, na mbogo ataendelea na chakula chake."

"Khamisi, uza kahawa yako."

"Kahawa yangu haijaua mtu."

"Wala haijamwamsha mtu."

Athmani alicheka kwa pua, kwa adabu, kama mkwe anavyocheka. Baba akamwambia afumbe macho, ainue bunduki begani kama aliyeshtukizwa, kisha afumbue. Shabaha zikiwa mbele ya jicho bila kuzitafuta, kitako ni chake. Aliinua, kikanasa kwenye koti. Baba akaweka alama ya kalamu, akakata, akapiga msasa, akamwita tena siku ya pili. Kikanasa kidogo tu. Akakata tena. Siku ya tatu ya kuitwa, Athmani aliinua, akasema kwa furaha ya kweli, "Hapo, baba. Hapo hapo." Walivuka ng'ambo ya Likoni wakaijaribu kwenye ukingo wa machimbo ya mawe, Athmani akiwa ndani ya koti lile lile, na risasi zikaingia pamoja, zimegusana. Baba alirudi ananukia baruti, akamwambia Mama, "Imemkaa kama ngozi yake." Na ilikuwa kweli. Ilimkaa yeye na koti.

Utaniuliza, fundi mkubwa kama yule hakuliona hilo? Nami nimejiuliza nikiwa na sindano mkononi, nikiwa juu ya mswala, nikiwa sokoni. Jibu langu ni kwamba hakuwahi kumwona Athmani bila koti. Hata siku moja. Kwake yeye mabega ya mkwewe yalikuwa ni yale. Mabega niliyoyajua mimi, membamba, yenye kovu la vitani, hayakuwa ya mtu mwingine kuyaona katika nyumba ile.

Alikwenda Kilifi mwanzo wa masika, na akarudi kutupumzikia siku chache mwezi wa Ramadhani ulipoandama. Aliingia chumbani akaweka mzigo, na nilipomsogezea taa ya kandili nikaona chini ya jicho lake pamevimba, rangi ya zabibu, na mdomo wa juu una kipande kilichoganda damu.

"Umepigana na nani?"

"Mwiba tu, Mwanakombo."

"Mwiba wa kuvimbisha jicho huota mti gani?"

Akacheka, akashika mdomo kwa maumivu. Baadaye, alipovua shati, nikaliona bega. Sitakueleza rangi zake. Nikamkanda kwa maji moto na chumvi, naye akaniambia, kama mtu anayezungumza juu ya jirani mkorofi, kwamba bunduki ilikuwa ikimpiga. Hakujua kwa nini. Kule Likoni haikumpiga. Labda risasi za huko zilikuwa kali zaidi, labda yeye amekonda. Nikamwambia kesho asubuhi amwambie Baba.

"Nimwambie mzee kazi yake mbovu?"

"Mwambie inauma."

"Si ndiyo yale yale? Amekesha akinichongea. Nimekaa nyumbani kwake, nala chakula chake, nimepewa mwanawe. Halafu nimwambie inauma?"

Nikakunja kipande cha kanga mara nyingi nikamwambia atakifunga begani ndani ya shati. Akakijaribu, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Vibarua watasema nimejifungua, nina mtoto wa kulaza begani," na sote wawili tukacheka mpaka Mama akagonga dari kutoka chini kwa mpini wa mwiko. Akakikunjua akanirudishia.

Kesho yake nilikwenda kwa Baba mwenyewe. Nilimwambia waziwazi, "Baba, bunduki yampiga." Akaacha tupa, akanitazama kwa wasiwasi, akasema atamuuliza. Nami nikarudi jikoni nimetua moyo. Futari ile naikumbuka sahani kwa sahani: tende, uji wa pilipili manga, viazi vitamu vya nazi, na samaki wa kupaka ambaye Mama alimhangaikia tangu adhuhuri. Wanaume walikuwa sebuleni, Mzee Khamisi naye, sisi nyuma ya pazia. Athmani alikula kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Baba akamwachia amalize uji, kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko kawaida.

"Athmani, nambie. Ile bunduki iko sawa? Imekukaa?"

Nilishika pazia. Mzee Khamisi aliacha kutafuna. Na mume wangu akasema, "Imekaa, baba. Kama nimezaliwa nayo."

"Hakuna kasoro?"

"Hakuna, alhamdulillahi. Mikono yako isife."

"Na jicho hilo?"

"Niliteleza kwenye mawe."

Baba akavuta pumzi ndefu. Aliuliza mara mbili, akajibiwa mara mbili. Akamsogezea Athmani kipande kikubwa cha halua, na Mzee Khamisi akasema, "Mbogo wamekoma mwaka huu!" Wakacheka. Chumbani nilimsuta, nikamwambia amenifanya mwongo mbele ya babangu. Hakukasirika. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akavua koti lile, akalikung'uta, akalitundika kwa uangalifu. "Ulitaka niseme nini mbele ya watu?" akaniuliza. "Nikirudi kwa Idi nitamwambia faraghani. Nitatafuta maneno mazuri." Alikuwa mtu wa kutafuta maneno mazuri. Ndiyo sababu nilimpenda, na sina jingine la kusema juu ya hilo.

Kazungu alikuja kabla ya Idi. Alikuja kwa mlango wa kazi, mchana, amebeba bunduki kwa mikono miwili mbele yake kama anayebeba maiti, na nilipomwona kwa tundu nilijua, kabla Baba hajainuka kitini. Walikuwa wamemzika huko huko, katika kijiji chenye msikiti, kama inavyopasa. Mama alipanda ngazi akanishika. Sikupiga ukelele. Nilikuwa nasikiliza.

Mbogo alikuwa amekatika mguu kwenye mtego wa waya, amejaa hasira, ameingia kwenye mahindi na kumuumiza mwanamke mmoja. Athmani na Kazungu wakamfuata mpaka kwenye kichaka. Mbogo alipotoka hakuwa mbali. "Risasi ya kwanza ilimpata, mzee," Kazungu alisema, "lakini si mahali pake. Mimi nilikuwa ubavuni mwa Athmani. Nilimwona. Alifumba macho kabla ya mlio. Mtu yule hakumwogopa mbogo, naapa. Aliiogopa bunduki. Ikampiga usoni, na alipokuwa akivuta komeo kuweka ya pili, damu machoni, mbogo akafika."

Nikamsikia Baba akiichukua bunduki, akiitazama ndani kwa mazoea. Kisha akauliza swali ambalo sikulielewa.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Shati, mzee. Shati la khaki."

"Na koti?"

"Koti la nini msituni? Lile alilikunja kwenye mfuko tangu tulipotoka huku. Alikuwa akilivaa tukifika daraja la Nyali tu. Akilikung'uta kwanza. Akiniambia, Kazungu, nitazame nyuma, nimepigika pasi?"

Nilichungulia. Baba alikuwa na shati jembamba la kazi. Aliinua bunduki begani, akaona ile nafasi iliyobaki kati ya kitako na bega, akaingiza vidole vyake ndani yake. Akaviacha pale. Mzee Khamisi alikuwa mlangoni. Akachukua buli lake akaenda zake, akilibeba chini kabisa, lisilie.

Nilikaa eda katika chumba kile cha juu. Kama hujapata kukaa eda, nikueleze: dunia yako huwa ni sauti. Nilizijua hatua za kila jirani. Nilimjua muuza viazi vya karai na muuza maji. Kitu ambacho sikukisikia ni karakana. Tupa haikukwaruza, patasi haikugonga. Baba alifungua mlango wa kazi kila asubuhi, akakaa, akaufunga alasiri. Chakula nilicholetewa nilikirudisha. Mama alipika uji wa mchele ulioanza kupatikana, akautia hiliki, akaniomba kama ninavyowaomba nyinyi vijana sasa, nikashindwa kuumeza. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa haina pa kukaa. Siwezi kumkasirikia aliyeuliza. Siwezi kumkasirikia aliyejibu kwa heshima. Walipendana wale watu wawili, na kupendana kwao kulikuwa na namna moja tu ya kusemwa.

Siku moja nikasikia mgeni chini. Mtu wa Kibokoni, kijana kwa sauti, askari wa wanyama huko Taita. Alikuwa amekuja na bunduki kubwa. Alisalimu kwa urefu, akaulizwa hali kwa urefu. Nilidhani Baba atamrudisha kama alivyowarudisha wengine. Badala yake nikasikia kiti kikivutwa.

"Vua koti, mwanangu."

"Hapana neno, mzee," kijana akasema, "nimezoea."

"Najua. Vua. Na kanzu uivue, uvae shati ulilonalo kazini. Kama hukuja nalo, kalilete. Nakungoja."

Yule kijana akaenda, akarudi. Nikajongea kwenye tundu. Baba akampa bunduki, akamwambia ainue na kushusha, ainue na kushusha, mpaka mikono ikamchoka na adabu ikaanza kumtoka mwilini pamoja na jasho. Kisha akamuuliza, na alimuuliza kwa upole ambao sijausikia tena kwa mtu mwingine:

"Ukiipiga, inakuuma wapi?"

"Haiumi, mzee. Iko sawa, alhamdulillahi."

"Sikukuuliza kama iko sawa. Hakuna bunduki ya ukubwa huu isiyouma. Mimi nimeshaichonga vibaya moja, na aliyekufa nayo alikuwa mwanangu, na aliniambia iko sawa. Nambie inauma wapi."

Kijana hakujibu. Baba naye hakumsaidia. Hakukohoa, hakugusa tupa, hakusema "basi haya". Kimya kikawa kirefu mpaka mimi huku juu nikatamani kujibu kwa niaba yake. Paka akapita. Muadhini wa msikiti wa karibu akasafisha koo. Mwisho nikasikia sauti ndogo, ya mtu anayevua kitu kizito kuliko koti.

"Hapa, mzee. Chini ya jicho. Na huku begani, kwa ndani."

"Alhamdulillahi," Baba akasema, na sauti yake ikakatika katikati ya neno. Kisha nikasikia tupa.

Mama alipokuja na uji wa hiliki nilimwomba kijiko. Niliula wote, nikilia ndani yake, nikisikiliza mti ukikatwa kwa kipimo cha mtu mwenyewe.

Nilimweleza Kazungu haya yote mwezi jana, kwani hakuwa anayajua. Alitikisa kichwa, akasema, "Kumbe dawa ilikuwa swali." Ndiyo, ilikuwa swali. Nimelitumia kwa wanawake niliowashonea, kwa wajukuu wanaorudi shuleni wakisema hamna kitu, kwa wagonjwa wanaosema wamepoa ili nisisumbuke. Wewe pia unaweza, na halihitaji elimu. Leo, kabla jua halijazama, mwendee mtu mmoja anayekuheshimu kiasi cha kukuficha. Usimuulize kama yuko sawa. Muulize, "Pako wapi panapokuuma?" Kisha nyamaza, usimsaidie, mpaka akuonyeshe kwa kidole.